Kimya, Ndanu Amelala

Jumatatu, 18 Februari 2008

Daftari hili nimepewa bure na Wangeci, mwenye duka la vitu vya shule kule Riruta Satellite. Alisema fundi asiyeandika oda ni fundi wa kusahau. Oda ni moja tu, nimeiandika kwenye jalada: masanduku matano ya bati, ya watoto wa bweni, yafike Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 28. Yakifika na yakiwa mazuri, ananipa baraza la duka lake niwe nafanyia kazi hapo. Baraza! Lenye paa! Kurasa zingine zote ziko tupu. Nitaandika mikakati yangu.

Na mikakati inahitajika. Nzembi, mke wangu, amerudi saluni kusuka watu kuanzia asubuhi hadi jioni. Tunabaki mimi na Ndanu, binti yetu. Ana miezi saba na jino moja. Akiwa macho anataka kushika bati, na bati lililokatwa ni wembe. Kwa hivyo kazi ni mpaka alale. Na Ndanu analala dakika ishirini. Ishirini! Nimepima na saa ya simu. Anafunga macho saa nne, na saa nne na dakika ishirini ameshayafungua, makubwa, ananitazama utadhani mimi ndiye nimechelewa kazini.

Mama mkwe amepiga simu kutoka Kitui. Amesema kama kufikia Ijumaa tarehe 29 nitakuwa sina mahali pa kazi, Nzembi na mtoto wapande basi wakakae kwake mpaka vurugu za uchaguzi ziishe na nchi itulie. Nzembi hakukataa. Aliendelea kukunja nepi. Mimi na chumba hiki bila hao wawili? Ningekaa nikiangalia nini, ukuta?

Sasa, akili. Mtoto anataka kimya, hilo halina ubishi. Kweli, kule Sarang'ombe, Kibera, tulikokaa mpaka mwezi uliopita, kibanda changu kilikuwa kimeshikana na nyumba. Mafundi sita tulikuwa tunagonga bati tangu saa moja asubuhi, na Ndanu alikuwa analala masaa mawili kila mchana. Lakini hiyo ni kwa sababu alikuwa mdogo.

Mkakati wa kwanza: kibao. Nimekata katoni nikaandika kwa rangi nyekundu, MTOTO AMELALA. NYAMAZA. Nikatundika kwenye geti ya ploti, tulikopanga chumba.

Matokeo: kila anayepita anasoma kwa sauti. Muuza mandazi alisoma mara mbili, kisha akauliza ni mtoto wa nani. Watu watatu walimjibu kwa pamoja. Dakika kumi na nane.

Jumanne, 19 Februari 2008

Lazima nimwandike Shivachi, jirani wa mlango wa pili. Ni soja wa usiku kwenye nyumba za matajiri. Mchana analala yeye na mtoto wake Ian wa miezi minane, mkewe akiwa sokoni. Wanakoroma wote wawili, baba na mwana, na ukuta wetu ni wa mbao.

Leo jioni amekuja na salamu zake za niaje, akaniambia Ian amelala masaa mawili na nusu. Mimi sikumuuliza! Nilikuwa naanua nguo zangu kwa amani. Akasema pia anasikia msichana wangu akilia mchana, pole sana. Kisha eti ushauri: buda, huyo ni mtoto wa fundi, mgongee bati hapo karibu na kitanda, atalala mpaka umsahau.

Nilicheka peke yangu mpaka nikakohoa. Ujanja huo naujua. Anataka Ndanu asilale kabisa ili Ian abaki bingwa wa ploti. Mtu akitaka kukuangusha, kwanza anakuita buda, kama rafiki.

Mkakati wangu wa leo ulikuwa uji mzito. Mtoto akishiba ataamkia nini? Nilikoroga mpaka mwiko ukasimama wenyewe.

Matokeo: dakika ishirini na mbili. Maendeleo! Kisha uji wote ukarudi, mwingine juu ya godoro, mwingine juu ya daftari. Ndiyo maana ukurasa huu ni mgumu hivi.

Alhamisi, 21 Februari 2008

Giza. Kuku wakiona giza hulala. Mtoto ana shida gani?

Saa nne nilipigilia blanketi dirishani. Chumba kikawa cheusi kabisa. Nikamlaza Ndanu, nikashika mkasi wa bati, nikaanza kukata kwa kupapasa. Mwanzo ulikuwa mzuri. Kisha nikapiga hatua moja nyuma na kidole gumba cha mguu kikakutana na reli.

Nieleze kuhusu reli. Siku tuliyotoroka Sarang'ombe, Nzembi alibeba mtoto, godoro na sufuria. Mimi nilibeba nyundo, mkasi na kile kipande cha reli ninachogongea bati, kizito kama kondoo. Kila nikikosea jambo nyumbani, hiyo reli inatajwa. Na Mzee Waithaka, mwenye ploti hii, siku ya kwanza alikitazama sana, kwa sababu watu waling'oa reli ya Kibera mwezi wa kwanza na kila mtu alisikia. Akauliza nimekitoa wapi. Mzee, ninacho tangu mwaka wa tisini na tisa! Toka siku hiyo nakificha chini ya kitanda. Na leo kilikuwa kimechungulia kidogo.

Nilipiga nduru. Dakika kumi na nne. Shivachi akauliza kupitia ukutani kama anayelia ni mtoto au ni mimi.

Nikiwa na hasira bado, niandike jambo ambalo silielewi. Kugonga nagonga Ndanu akiwa macho, nimemfunga mgongoni kwa leso, ili kelele zisimwamshe akilala. Na kila mara, nikifika kona ya tatu ya sanduku, kichwa chake kinalala begani. Maskini, amechoka. Hapo hapo naacha kugonga, namfungua polepole, namlaza kitandani, nakanyaga kwa vidole. Ananilipa dakika ishirini! Siri ya mtoto huyu anaijua Mungu.

Ijumaa, 22 Februari 2008

Ushindi! Karibu.

Adui nilikuwa sijamwona siku zote hizi, na kumbe anatembea na miguu miwili mbele yangu. Ni jogoo wa Mzee Waithaka. Anawika saa nne na robo kila siku. Ndanu anaamka saa nne na dakika ishirini. Hesabu hiyo hata Shivachi angeiweza.

Sanduku la kwanza lilikuwa limekamilika, limepakwa rangi ya samawati, zuri hata mimi nililionea wivu. Nilimwaga ugali ndani, jogoo akaingia kuangalia, nikafunga. Nilimwachia mwanya wa hewa, mimi si mnyama. Nikaliweka sanduku chini ya dirisha letu ili nimchunge.

Woi! Huyo jogoo alipigana na bati. Mbawa, kucha, mdomo, kwata kwata kwata, bila kupumzika. Nilikaa hapo nimejishika kichwa nikingoja kilio. Dakika ishirini, hakuna. Arobaini, hakuna. Nikachungulia: Ndanu amelala chali, mikono juu, mdomo wazi, tumbo linapanda na kushuka. Nilimtazama mpaka nikasahau kazi. Hakuna kitu kitamu duniani kama mtoto wako akilala na wewe huna haraka.

Dakika sabini. Kisha Mzee Waithaka akaja akimwita jogoo wake kwa Kikuyu. Akasimama. Akasema sanduku langu linaongea. Nikafungua. Jogoo akatoka mbio na heshima yake yote, kimya kikarudi, na papo hapo Ndanu akaamka. Kwa sababu ya kikohozi cha Mzee Waithaka, bila shaka.

Mzee akanieleza, polepole, kwamba ploti hii ilikuwa shamba la kabichi la mama yake, kwamba wamefuga kuku hapa kabla mimi sijazaliwa, na kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kufungiwa kama nguo za shule. Adhabu yangu: kesho nimpigie paa la banda la kuku.

Sanduku limekwaruzwa lote ndani. Nitapaka rangi upya. Lakini dakika sabini! Jogoo hakuwika, mtoto akalala. Imethibitika: dawa ni kimya.

Jumapili, 24 Februari 2008

Jana nilipiga paa la banda, masaa mawili ya nyundo na bati kuukuu. Nzembi alikaa karibu kwenye kiti, Ndanu akalala mapajani mwake muda wote. Ni hewa ya nje. Nimeiandika ili nisisahau: hewa.

Leo kanisani Kawangware. Tulikosa nafasi ya nyuma, tukakaa mbele karibu na spika. Ngoma, kayamba, kwaya mbili, na mchungaji ambaye hajawahi kuiamini maikrofoni, anapiga kelele hata nayo. Ndanu alilala saa nzima na zaidi. Nilimwombea asiamke, na nikawaombea wanasiasa wanaozungumzia amani huko mjini wasikilizane, kwa mpangilio huo, Mungu anisamehe.

Kisha mchungaji akasema tusimame tukae kimya dakika moja kwa ajili ya waliokufa tangu Krismasi. Watu wakasimama. Hakuna aliyekohoa. Mwanamke wa mbele yetu alikuwa amefunika uso kwa kitambaa. Na Ndanu akafungua macho, akatutazama, akalia kilio kikubwa ambacho nadhani kilifika Riruta.

Watu hawakukasirika. Yule mwanamke aligeuka akamshika mguu.

Nzembi aliniangalia akauliza kama nimeona. Nikamwambia nimeona, ni Roho Mtakatifu alikuwa anamlaza. Akanipa mtoto nimbebe mpaka nyumbani.

Jumatatu, 25 Februari 2008

Dakika kumi na tisa. Mchana wote nilivaa soksi badala ya viatu na nikapaka bawaba za mlango mafuta ya kupikia.

Mama mkwe amepiga tena. Ameshauliza basi la Ijumaa linaondoka saa ngapi. Nzembi ameshusha begi yetu ya safari kutoka juu ya kabati, akaiweka mlangoni, wazi. Hajaweka kitu ndani. Kila nikipita nairuka.

Baada ya chakula akaniambia jambo, na nitaliandika kama alivyolisema. Akaniuliza kama nakumbuka asubuhi ile tuliyotoroka. Nyundo za Sarang'ombe huwa zinaanza saa moja, akasema, na siku ile hazikuanza. Ndanu ndiye aliamka kwanza, akalia, na yeye Nzembi akaamka kwa kilio chake akashangaa mbona kuko kimya hivi. Ndipo baadaye tukasikia watu wakikimbia. Akasema mtoto wetu hajui kelele za bati ni kelele. Kwake hiyo ni sauti ya baba yuko. Zikinyamaza, anajua mambo yameharibika. Akasema hata yeye, kimya cha ploti hii hakimpi usingizi.

Nilimshika mkono. Nimemwoa mwanamke mwenye akili na sijui alinipendea nini.

Lakini nimefikiria baadaye, kwa utulivu. Mtoto mdogo vile atakumbuka nini? Mimi mwenyewe nimesahau mahali nilipoweka mkasi leo asubuhi. Na Shivachi alisema jambo hilo hilo la bati. Inawezekana amemfikia Nzembi.

Jumanne, 26 Februari 2008

Vipande vyote vya masanduku vimekatwa. Kilichobaki ni kugonga tu. Nikapata njia ya kugonga bila kugonga: nimevisha nyundo soksi tatu, nikaifunga kwa mpira. Inasema puf. Puf, puf, mchana kutwa. Ndanu alilala dakika kumi na sita, akaamka, akakaa akiniangalia nikipiga puf. Nadhani alinionea huruma.

Saa tisa Wangeci akaja mwenyewe kuangalia. Masanduku mawili ya soksi yalikuwa yamesimama, kwa mbali yanapendeza. Wangeci hanunui sanduku bila kulikalia. Alikalia la kwanza, likainama upande mmoja taratibu, naye akainama nalo. Akasema, akiwa bado ameinama, kwamba hili sanduku limechoka kabla halijafika shuleni. La pili hakulikalia. Alilisukuma kwa kidole.

Lile la samawati, la jogoo, alilikalia vizuri, akapiga kifuniko makofi mawili, akasema sawa. Moja. Kati ya matano. Alhamisi jioni, akasema, ni Alhamisi jioni. Kuna fundi mwingine Kangemi ambaye hana mtoto.

Ndani ya begi mlangoni kuna nepi sasa. Nimezihesabu, ni sita.

Alhamisi, 28 Februari 2008

Naandika nikiwa nimechoka kabisa.

Jana nilivunja yale mawili ya soksi. Kona zilikuwa zimepasuka, hazikufaa hata kwa jogoo. Nilikaa usiku nikikata vipande vipya. Leo asubuhi, masanduku manne ya kugongwa na siku moja tu. Nzembi akaenda saluni. Kwenye begi alikuwa ameongeza ile sweta ya Ndanu ya njano.

Asubuhi nilijaribu tena mgongoni. Kona ya tatu, usingizi, nikamlaza, dakika ishirini, macho. Mara tatu! Mpaka saa sita nilikuwa nimemaliza sanduku moja. Nilikaa chini nikatazama ile sweta ya njano, na niseme ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma: nililia kidogo. Ndanu akanishika pua.

Saa nane na nusu alisinzia tena, nikamlaza. Nikavuta reli kutoka chini ya kitanda. Nikamwambia Ndanu, mwanangu nisamehe, leo utalia, lakini afadhali ulie hapa kuliko ulale Kitui. Nikageuka nimpe mgongo nisimwone, nikagonga. Nyundo tupu. Nguvu yote.

Sikusikia kilio. Nikadhani ni kwa sababu ya kelele, sikugeuka, roho inaniuma. Sanduku moja. Nikaogopa sasa, labda mtoto amepatwa na jambo. Nikasimama kumwangalia. Akafungua jicho moja. Nikarudi mbio kwenye reli nikagonga, na nilipochungulia tena jicho lilikuwa limefungwa. Sanduku la pili. La tatu. Rangi ningepaka baadaye. Kupitia ukutani Shivachi na Ian wanakoroma tu. Watu wa ajabu.

Kama saa kumi na moja nikasikia nduru nje. Tangu Januari nduru ni kitu kimoja tu. Lakini hii ilikuwa na kicheko ndani yake. Nikatoka na nyundo. Redio zote za ploti zimefunguliwa kwa sauti ya mwisho: wakubwa wamewekeana sahihi ya amani! Akina mama wanagonga sufuria kwa miiko, Mzee Waithaka amesimama getini chini ya kibao changu, na Shivachi ametoka na nguo za kulalia amemshika mkono. Hao wawili hawakuwa wamesalimiana tangu mwaka mpya, kwa ajili ya kura na kabila. Mzee akamwambia aje achukue mayai.

Katikati ya hiyo vurugu Wangeci akaja. Alikalia masanduku yote matano, moja baada ya lingine, kama anayepima viti vya harusi. Yakamshika. Akanipa ufunguo wa mnyororo wa baraza, akaniambia Mungu ni mkubwa na nioge.

Ndani, Ndanu bado amelala! Masaa mawili na dakika arobaini na tano! Nzembi alipofika alitukuta, mimi nimepiga magoti kando ya kitanda nikiangalia simu na kuangalia mtoto. Akatazama reli katikati ya chumba. Akatazama nyundo. Akacheka mpaka akakaa juu ya begi.

Nikamweleza yote sasa ni wazi. Mtoto alikuwa anangoja nchi itulie. Watoto wanasikia mambo. Wametia sahihi, naye amelala. Nzembi alifuta machozi akasema ndiyo, Baba Ndanu, ni hivyo tu.

Ijumaa, 29 Februari 2008

Baraza! Naandika nikiwa barazani. Upepo mzuri, paa halivuji, mbele yangu barabara ya Satellite na watu wanasalimiana tena bila kuangaliana majina.

Basi la Kitui limeondoka bila watu wangu. Asubuhi Nzembi alirudisha nepi kabatini, sita zote, na begi ikapanda juu mahali pake. Mama mkwe alipiga simu nikiwa nimeanza kazi, akauliza hiyo kelele yote ni ya nini. Nikamwambia ni kazi. Akasema basi iendelee, na nimbusu mtoto.

Ndanu amelala ndani ya sanduku la sita, halijafungwa kifuniko, kingo nimezikunja na kuzipapasa mara mbili, chini kuna leso mbili. Alisinzia nikipiga kona ya tatu, kama kawaida yake. Shivachi alipita akielekea nyumbani kutoka lindo, akachungulia, akasema usisimame, buda, endelea kugonga. Bado ana wivu. Nilimpungia mkono tu, leo sina kinyongo na mtu.

Nikaweka nyundo chini mara moja, bila shaka. Kazi mpya, utaratibu mpya. Nimeandika sheria za baraza kwa rangi nyekundu: Moja, hakuna kupiga honi. Mbili, salamu ni kwa mkono, si kwa mdomo. Tatu, fundi hagongi mtoto akilala. Wangeci amezisoma akaniuliza sasa masanduku yatatoka wapi. Hilo nitalifikiria. Kwa sasa kuko kimya kabisa, hata barabara imetulia, nami nimekaa kando ya mtoto wangu na daftari langu, sijapata kuwa na furaha

Ameamka.

Dakika kumi na mbili. Ananitazama. Hakuna honi iliyopigwa, hakuna aliyesalimia, jogoo yuko mbali, na kwenye redio amani bado ipo. Nimeangalia kila mahali.

Ni kalamu hii. Inakwaruza. Kesho nanunua penseli laini.